Nanyamba Ilipokuwa Mirihi

Nyinyi mnaoanza kazi ya maabara ya udongo, kabla sijawapongeza naomba niwape pole. Asubuhi mtavaa koti jeupe, jioni mtatoka mkiwa na rangi ya barabara nyekundu ya Nanyamba. Jamaa zenu watawauliza mnafanya kazi gani, nanyi mkijibu kwamba mnapima udongo, watadhani nyinyi ni watu wa ardhi na wataanza kuwaletea migogoro yao ya viwanja. Mimi nilieleza kwa miaka mitano ya kwanza, nikachoka. Mashemeji zangu wa Masasi mpaka leo wanaamini nilikuwa napima viwanja, na kwamba niliwanyima kwa roho mbaya.

Naitwa Bi Somoe. Zaidi ya miaka thelathini nilikuwa fundi wa maabara katika kituo kimoja cha utafiti hapa kusini. Sitakitaja, kwa sababu waliomo bado wananisalimia vizuri nami napenda iendelee hivyo. Kazi yangu ilikuwa kupokea udongo wa watu, kuukausha, kuuchekecha, kuupima na kuandika namba. Namba hizo wataalamu walizitia kwenye makala zao, makala zikachapishwa, wao wakapanda vyeo. Mwishoni mwa kila makala palikuwa na mstari mmoja: "Tunawashukuru watumishi wa maabara." Watumishi wa maabara ndio mimi.

Siku moja nikifuta vumbi kwenye kabati la maktaba yetu ndogo, nilizipitia makala zote nikitafuta jina langu, kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Halikuwemo. Basi mlijue hili mapema, msije mkadhani anayewaandikia ni malaika: nilitaka jina langu lichapishwe, walau mara moja, kabla sijastaafu. Nililitaka sana.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chitanda, mtu wa Newala, mfupi, mkali, mwenye vidole vilivyojua kuliko vitabu. Alikuwa akichukua udongo, anaulowesha kidogo, anauviringisha kiganjani. Ukitoa uzi mrefu usiokatika, ni mfinyanzi. Ukimwagika, ni mchanga. Ukikatika katikati, anakutazama wewe na kuuliza: "Haya, msomi, huu nini?" Alikuwa na amri zake. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino ukiona maji unalia. Lebo ziwe mbili, moja ndani ya mfuko na moja nje. Udongo umwagwe kwenye turubai safi, uchanganywe, ugawanywe mafungu manne, uchukue mawili yanayotazamana, urudie tena na tena mpaka ubaki na wa kujaza kiganja. "Ukichota wa juu tu," alisema, "umechota uvivu wako, na mashine itaupima uvivu wako." Na ukiingia maabara, uvue pete, uvue bangili, uvue na haraka.

Mwaka wangu wa kwanza nilianika udongo wa mkulima mmoja wa Mikindani uani, nikaenda kunywa chai. Kuku wa jirani wakaja wakaupekua, na kama mnavyojua, kuku haendi mahali bila kuacha salamu. Majibu yakatoka kwamba shamba la yule bwana lina rutuba ya ajabu, halihitaji mbolea hata kidogo. Mzee Chitanda alisoma ile karatasi, akanusa mabaki ya udongo, akanitazama. Hakunipigia kelele. Alinipa baiskeli. "Nenda ukamwambie," alisema. Nikauliza kama nisingeweza kutuma barua. Akasema barua haioni haya. Nikaenda hadi Mikindani, nikamweleza yule mkulima habari za kuku, akacheka hadi akakaa chini, kisha akanipa maji na embe. Nilirudi na uso umeniwaka. Sikuwahi tena kuanika udongo uani, na kwa miaka mingi nilijivuna kwamba sina kosa jingine. Majivuno hayo yawekeni akilini.

Sasa nije kwa Mirihi.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na kidogo kustaafu pale Dk. Neema alipohamia kituoni kwetu. Alikuwa binti wa Moshi, umri wa kitindamimba wangu, amesomea mchanga. Ndiyo, mchanga unasomewa, na nchi za mbali. Alituita wote kwenye chumba cha mikutano akatuonyesha picha ya nchi nyekundu, mawe na vumbi, hakuna hata kichaka. Dereva wetu akauliza kama ni Dodoma. Dk. Neema akasema ni Mirihi, ile sayari nyekundu inayoonekana angani kama nyota. Wanaotaka kupeleka magari na mitambo huko hawawezi kuyajaribu kule kule, na udongo wa huko haujaletwa hapa duniani. Kwa hiyo hutafuta mchanga wa hapa unaofanana nao. Wengine hutumia mchanga wa jangwani. Juu yake hujaribu magurudumu, hufyatua matofali, hupanda mbegu waone kama zitaota.

"Kwa hiyo ni mchanga kaimu," nikasema.

Watu walicheka, lakini Dk. Neema aliandika neno hilo kwenye daftari lake. "Hasa, mama. Mchanga kaimu." Na kila mtumishi wa umma alielewa papo hapo: unafanya kazi za mwenye cheo, unakaa kwenye kiti chake, lakini wewe si yeye, na siku akifika utaondoka.

Jangwa kusini hatuna. Lakini tuna mchanga wa kila rangi, na Dk. Neema alitaka wa aina mbili: mweupe wa pwani kwa ajili ya kulinganishia, na mwekundu wa bara ambao ndio ungekaimu.

Tulianza na mweupe, kule Msimbati, karibu na Ruvuma inapomwagikia baharini. Tulikwenda watumishi wanne, kwa pamoja tukiwa na miaka ya kutosha katika fani ya mchanga kufungulia chuo. Gari likazama kwenye mchanga. Dk. Neema akaeleza ukubwa wa chembe na kwa nini gurudumu halipati pa kushika. Mimi nikaeleza unyevu. Dereva akaeleza kwamba alishasema tangu mwanzo. Tulikuwa tunachimba kwa sahani ya kulia chakula pale alipopita mama mmoja na ndoo ya pweza kichwani. Akatutazama kwa huruma. "Toeni upepo kwenye matairi, nusu," akasema, bila hata kushusha ndoo. Tukatoa, gari likatoka. Dk. Neema akamuuliza amejifunza wapi. "Kwa watu kama nyinyi," akajibu, "huwa mnakuja kila mwaka." Mchanga ule mweupe tuliutia kwenye mifuko mipya ya nailoni tuliyokuja nayo kutoka kituoni, tukaondoka.

Mchanga mwekundu tuliupata ng'ambo ya Nanyamba, mahali wenyeji wanapopaita Kipara. Ni bonde lililochimbwa na mvua katikati ya mashamba ya mikorosho, jekundu tupu, halioti hata nyasi. Jirani yake mwenye shamba ni Mzee Hamisi, mkulima wa korosho na muhogo, mtu mwenye ukarimu mwingi na maswali mengi zaidi.

"Mnataka nchanga huu huu?" akauliza.

"Huu huu, baba," nikamjibu, nikamweleza habari za Mirihi.

"Muhogo wenyewe unaukataa nchanga huu. Huko mnakotaka kwenda kuna watu?"

"Hakuna."

"Mvua?"

"Hakuna."

"Soko la korosho?"

"Hakuna, baba."

Akafikiri kidogo. "Basi kwa nini msikae hapa hapa Kipara? Hapa angalau mimi nipo, nitawaazima jembe."

Siku ile ya kwanza Dk. Neema alichota mchanga kidogo tu wa kutazama, akautia kwenye mfuko mpya, akaufunga na kuuweka kabatini kituoni. Lakini mpango ulitaka mchanga mwingi, wa kujaza kitanda kizima cha kujaribia magurudumu. Mifuko mikubwa ilikuwa imeagizwa. Anayeijua ofisi anajua maana ya kuagizwa. Tuliporudi Kipara kwa kazi yenyewe, mifuko ilikuwa bado inatafutiwa saini, na gari tulikuwa tumepewa kwa siku tatu tu.

"Mifuko?" akasema Mzee Hamisi. "Mifuko si ipo tele hapa."

Akatuletea rundo la mifuko ya salfa.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Mikorosho inaugua ubwiriunga, na dawa yake kubwa huku ni salfa, unga wa manjano unaopulizwa mitini msimu mzima. Unga ukishaisha, mfuko unabaki, na mfuko huo ndio mshipa wa maisha ya Mtwara. Tunabebea mkaa, tunaanikia makopa ya muhogo, tunazibia dirisha, tunakalia msibani. Mtoto wa hapa anaujua mfuko wa salfa kabla ya kuijua bendera. Kwetu ule si mfuko wa dawa. Ni mfuko.

Dk. Neema, mtu wa Moshi, aliuliza: "Mama, ni safi?"

"Nitaifua," nikasema.

Nikaifua mwenyewe kwa sabuni, mara tatu, nikaianika kwenye ua wa Mzee Hamisi mpaka ikang'aa. Nilijisikia fundi hasa. Kesho yake tukaijaza mchanga wa Kipara. Lebo kwa penseli, moja ndani, moja nje. Mzee Chitanda, Mungu amrehemu, angeniona angefurahia lebo, kisha angeutazama mfuko wenyewe na kunipiga kofi.

Maana salfa ya unga haiyeyuki kwenye maji. Mimi, niliyepima udongo maisha yangu yote, nililijua hilo kama ninavyojua Alhamdu. Unaweza kuufua mfuko mpaka sabuni iishe dukani, unga utabaki kwenye nyuzi na kwenye mishono. Sasa mtaniuliza, na harufu je? Wanangu, ulikuwa msimu wa kupulizia. Nanyamba nzima ilinuka salfa, nguo zetu zilinuka salfa, chai ilinuka salfa. Pua ya mtu wa Mtwara msimu ule huwa iko likizo.

Baada ya wiki chache mradi ukaletewa mashine ya mkononi yenye umbo la bastola. Unaielekeza kwenye mchanga, inakusomea madini yaliyomo. Dk. Neema akapima mchanga mweupe wa Msimbati: wa kawaida. Akapima mwekundu wa Kipara, akapima tena. Chuma kingi, hilo tulilitegemea. Lakini salfa! Akanieleza kwamba udongo wa Mirihi unajulikana kwa salfa nyingi, na kwamba michanga kaimu mingine huongezewa salfa kwa kijiko, lakini huu wa kwetu umezaliwa nayo. Akanikumbatia. Mashine ile haiulizi salfa imetoka wapi, wala imekaa kwa namna gani. Inasoma tu. Nami niliyepaswa kuuliza nilikuwa nakumbatiwa.

Kwa miezi mitano Nanyamba ikawa Mirihi. Mkuu wa kituo aliagiza kibao kichorwe kwa ajili ya wageni: "Karibu Mirihi ya Afrika." Mitaani Chuno ninakokaa watoto wakaanza kuniita Mama Mirihi. Nikienda kununua sabuni kwa Bwana Abbas, ambaye babu yake alifungua duka lile lile akitokea Mikindani, ananiuliza: "Mama Mirihi, huko kibla kiko upande gani?" Namjibu aniulize tena nikipata usafiri. Nilijifanya nakereka. Sikukereka hata kidogo.

Kisha siku moja Dk. Neema akaniambia: "Mama, makala ya mchanga huu, jina lako litakuwemo. Si kwenye shukrani. Juu, pamoja na waandishi." Nilikwenda stoo, nikafunga mlango, nikalia kidogo kati ya chupa tupu. Sioni haya kulisema.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuandaa chupa ndogo za mchanga wa Kipara kupelekwa kwa wataalamu wa nje, nao wapime kwa mitambo mikubwa zaidi. Siku tatu nilikuwa nachekecha kwa mikono mitupu, maana glavu zilizokuwepo zilikuwa za mtu mwenye viganja vya koleo. Pete yangu ya fedha ilikuwa kidoleni. Ndiyo, amri ilikuwa tuvue, lakini kidole changu kilikuwa kimenenepa tangu zamani na pete haikuwa ikitoka tena. Siku ya tatu, nikinawa mikono, nikaiona imekuwa nyeusi kama sufuria la mkaa.

Wanawake wa mashamba ya mikorosho wote wanaijua rangi ile. Ukipulizia salfa ukiwa na fedha mwilini, fedha inakuwa nyeusi. Mama yangu alikuwa akivua vikuku vyake msimu mzima kwa sababu hiyo. Mchanga tu haufanyi hivyo, hata uwe mwekundu namna gani. Nilisimama pale bombani, maji yanatiririka, nikaiona akilini mifuko ya Mzee Hamisi imeanikwa kwenye ua inang'aa, na nikajua.

Watu walipokwenda kula mchana, nikachukua ile bastola. Nikapima mfuko mmoja mtupu, uliofuliwa mara tatu na fundi mwenye majivuno: salfa, salfa. Nikafungua kabati, nikatoa ule mchanga kidogo wa siku ya kwanza, uliokaa kwenye mfuko mpya ukasahaulika tangu kabla mashine haijafika. Nikaupima mara nne. Chuma kipo. Salfa karibu na hakuna. Ulikuwa mchanga mwekundu wa Nanyamba, na basi.

Nilikaa kimya siku nne. Nawaambia ukweli kwa sababu mtakuja kukaa kimya siku zenu, na ni vizuri mjue jinsi akili inavyofanya kazi siku hizo. Siku ya kwanza nilijiambia mashine imekosea. Siku ya pili nikajiambia wataalamu wa nje wakigundua, mimi nitakuwa nimeshastaafu. Siku ya tatu nikajiambia kwamba, kwa kweli, mfuko wa salfa ni sehemu ya mazingira ya Nanyamba. Hoja hiyo niliipenda sana. Siku ya nne Dk. Neema akaniita ofisini kwake akaniwekea karatasi mezani. Ilikuwa makala. Chini ya kichwa cha habari kulikuwa na majina matatu, na la tatu lilikuwa langu: S. Nampunga.

Nililitazama. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolifikiria, na lilipendeza.

"Wiki ijayo nasimama mbele ya watu Dar es Salaam," akasema. "Naogopa, mama. Watanibana. Ila namba zikiwa zimepita kwenye mikono yako silali na wasiwasi."

Afadhali angenitukana. Nikanyoosha mkono wangu juu ya ile karatasi.

"Daktari, pete hii ilikuwa nyeupe wiki iliyopita."

Akaitazama asielewe. "Imefanya nini?"

"Imekutana na Mirihi yetu." Kisha nikamweleza yote: mifuko, kufua, bomba, mashine, mchanga wa kabatini, siku nne. Nilieleza bila kupumzika kama mtoto aliyevunja mtungi.

Aliisogeza ile karatasi pembeni. Halafu akauliza taratibu: "Nani mwingine anajua?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba majaribu yale hayakuwa ya wazee tu. "Mungu," nikasema, "na mimi, na sasa wewe."

Akafunika uso kwa mikono. Alikuwa na haki ya kulia, lakini hakulia. Alipoinuka alikuwa amekasirika, na hakuficha. "Mama, nilikuuliza kama ni safi."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia utaifua."

"Nikaifua," nikasema, na niliposikia sauti yangu nikatamani sakafu inimeze.

Tulikwenda wote wawili kwa mkuu wa kituo. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama dirishani ambako kibao cha Mirihi ya Afrika kilikuwa kimeegemezwa ukutani, rangi ndiyo kwanza imekauka. "Bi Somoe," akasema kwa upole, "hakuna uwezekano kwamba mchanga nao ulikuwa na salfa yake kidogo, ikakutana tu na ya mfuko?"

"Uwezekano ulikuwepo, mkuu. Nikaupima."

Akauliza kama kuna namna ya kuliandika jambo hili kwa lugha laini. Dk. Neema akasema anafuta safari ya Dar. Siku ile nilimheshimu kuliko wataalamu wote wa kabati lile la maktaba. Kibao kikageuzwa upande wa pili, kikaandikwa "Usimwage taka hapa." Kipo mpaka leo na hakuna anayekitii.

Kwa wiki mbili Dk. Neema hakuniita mama. Aliniita Bi Somoe, kama kila mtu, na kila alipotamka jina hilo liliniuma. Sikumlaumu. Tulirudi Kipara na mifuko mipya, ambayo saini zake zilikuwa zimekamilika siku chache baada ya kutohitajika tena. Mzee Hamisi alitupokea na rundo jingine la mifuko ya salfa. Safari hii alikuwa ameifua mwenyewe ili anipunguzie kazi. Nikamshukuru mpaka akashangaa. Nilipomweleza kilichotokea, akatazama Kipara chake kwa masikitiko. "Kwa hiyo si Mirihi," akasema.

"Si Mirihi, baba. Ni Nanyamba."

"Ndivyo nilivyowaambia siku ya kwanza."

Majibu ya mara ya pili yalikuwa ya watu wazima. Chembe za mchanga wa Kipara zinafaa sana kwa magurudumu na kwa matofali. Kwa madini, ni mchanga mwekundu kama wa kwingine. Kaimu wa nusu siku, tuseme. Dk. Neema akaandika makala nyingine, fupi, isiyo na shangwe, na jina langu halikuwemo juu, maana vipimo vile vya pili alivisimamia mwenyewe kuanzia kuchota hadi kusoma. Nililitegemea hilo. Nilikuwa nimeshaanza kufungasha vitu vyangu, chekecheo langu la zamani na kikombe cha chai, wiki ya mwisho ya utumishi wangu, alipoingia maabara na karatasi mkononi.

"Mama," akasema, na nikaacha kufungasha. "Kuna sehemu lazima nieleze kosa la kwanza, ili wengine wasilirudie. Wapo wanaochota mchanga kwa mifuko ya mbolea, ya saruji, ya chochote. Nimeandika: 'Mtumishi mmoja wa maabara alitumia mifuko iliyowahi kuwa na salfa.' Ndivyo inavyofanywa. Hakuna atakayejua ni wewe."

Nikaomba karatasi. Nikasoma sentensi ile mara mbili. Mtumishi mmoja wa maabara. Nikawakumbuka wote niliowahi kuwapimia, na Mzee Chitanda aliyezikwa Newala bila jina lake kuchapishwa hata kwenye tangazo. Nikachukua penseli kutoka mfuko wa koti langu.

"Nifutie hilo neno mtumishi," nikamwambia. "Andika Somoe Abdala Nampunga. Lote. Na ukimaliza kuandika kwamba ndiye aliyekosea, usiweke nukta bado. Andika kwamba ndiye aliyegundua."